Lori Lisilo na Masikio

Uani kwa Ngailo kulikuwa na magari mawili mapya na lori moja kuukuu la kubebea mbao. Sheria ilitaka kila gari jipya lisikilize watu wa nyumba, hata walio sebuleni, na kumshtaki anayemtishia mwenzake. Lori halikuwa na masikio. Ngailo alipotaka kumtukana mkewe, Twilumba, alimpandisha humo, akafunga vioo na kuvumisha injini.

Asubuhi moja Twilumba alikuwa amechoka. Ngailo alipowasha lori na kumwita, yeye Twilumba aliingia kwenye gari moja jipya.

“Njoo uyasemee humu,” alifoka. “Yale ya jana. Kwamba utanifukia kwenye maranda ya mbao na hakuna atakayeniulizia.”

Ngailo aliinama dirishani, akitabasamu. “Umeota vibaya tena, mke wangu. Pole. Shuka basi, twende tukazungumze.”

Gari lilizipima sauti zao.

“Sauti ya mke ina ukali,” likasema kwa upole. “Sauti ya mume ina upendo. Mama, tafadhali msikilize mwenzako.”

Kisha mlango wa upande wa Twilumba ukajifungua wenyewe. Kando yake lori lilikuwa bado linanguruma.