Hesabu Imetimia

Daktari mstaafu alikisukuma kipaza sauti kando kwa mgongo wa mkono.

"Sisemi," alisema. "Tafuteni mwingine."

Katibu wa Chama cha Wauguzi wa Upasuaji alidhani hakusikia vizuri. Ukumbi wa hospitali ulikuwa unajaa. Jukwaani palikuwa na picha ya marehemu mwenyekiti wao, amezungukwa na maua, anacheka kwa macho kama kawaida yake. Wauguzi walimwita Mama Hesabu. Leo walikuwa wanamkumbuka, na kabla ya kutawanyika wangepiga kura: chumba kipya cha upasuaji kipewe jina lake au kisipewe. Daktari huyu ndiye aliyesimama naye mezani miaka yote. Neno lake lingemaliza ubishi.

"Amekukosea nini, daktari?"

"Mimi? Mimi hakunikosea." Mzee alikwepa macho yake. "Kumsifia mbele yako siwezi. Ungekuwa haupo, labda."

Katibu alihisi damu inamchemka. Kumbe ni wivu! Mtu unafanya naye kazi mpaka mvi zinaota, ukifumba macho tu anakugeuka.

"Msaliti mkubwa wewe," alimwambia usoni, hakujali nani anasikia. "Mwenzako hata udongo haujakauka, umeshamtupa."

Mzee aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Maumivu yakamshika katibu hapo hapo, kando ya kitovu, mahali pa siku zote. Aliuma meno, akapanda jukwaani. Yeye na tumbo lake walikuwa wamezoeana. Likinuna, alilisubiri litulie.

"Mara ya kwanza kuisikia sauti ya Mama kazini," alianza, "sikuwa nimesimama pembeni ya meza. Nilikuwa nimelala juu yake. Muuguzi mpya, mjamzito, mtoto kagoma kutoka. Wamenichoma ganzi ya mgongoni, kuanzia kiuno sina habari, ila masikio ni yangu. Mtoto akalia. Halafu nikamsikia Mama: 'Hesabu imetimia, daktari. Funga.' Jamani, moyo wangu ulitua. Nikasema, huyu ndiye nitakayemfuata."

Walipiga makofi. Maneno hayo waliyajua wote. Walikuwa wamepanga kufunga nayo shughuli.

Akaeleza jinsi Mama alivyokuja na ubao wake baada ya siku chache tu, uso umemvimba kama mtu aliyefiwa. Vitambaa vya pamba vya kukaushia damu viandikwe vikiingia tumboni, viandikwe vikitoka, watu wawili wahesabu kwa sauti, na hakuna kushona mpaka vitimie. Madaktari walimcheka. Alisimama kama nguzo, na leo hakuna chumba kisicho na ubao ule. Akaeleza alivyowaonyesha wanafunzi uzi wa buluu uliofumwa ndani ya kila kitambaa. "Pamba inajua kujificha," alikuwa akisema, "lakini uzi huu eksirei inauona, mweupe kama mfupa."

"Na mimi alinilea kama mdogo wake wa tumbo moja," katibu aliendelea. "Mtoto wa pili aliposhindikana, ndiye aliyekaa kitandani kwangu tukalia pamoja. Tumbo likinisumbua, anakuja na vidonge mkononi. 'Vidonda vya tumbo hivyo, mdogo wangu. Tumbo hilo niachie mimi.' Nyie mnapanga foleni, mwenzenu naletewa dawa mpaka mlangoni!"

Ukumbi uliangua kicheko. Kwenye viti vya mbele, binti wa katibu hakucheka. Ndiye mtoto aliyelia siku ile. Alipewa jina la Mama Hesabu, naye alimwita bibi. Alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini hapo, kazi ambayo bibi yake hakuitaka hata kuisikia. Alitaka mjukuu awe mfamasia, na alinuna mpaka mahafali yakapita.

Katibu alifungua mdomo aendelee, tumbo likamkunja. Alishika meza ya maua, akaanguka nayo chini. Binti ndiye aliyemfikia kwanza.

"Twende kwangu, mama. Nikupige picha."

"Bibi yako alisema mionzi si ya kuchezea..."

"Bibi hayupo. Kila nikikuwekea nafasi, anakuja kuifuta. Leo nani atanizuia?"

Chumba cha eksirei kilipakana na ukumbi. Kitanda kilikuwa cha baridi. "Vuta pumzi," binti alisema kutoka nyuma ya kioo. "Ibane. Haya, pumua."

Ng'ambo ya ukuta, makamu mwenyekiti alikuwa anaomba mikono ya wanaokubali. Zikafuata kelele za furaha. Katibu alitabasamu pamoja na maumivu yake. Mama amepata chumba chake, na yule mzee ameaibika bure.

"Umesikia, mwanangu? Wamempa!"

Binti hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye skrini.

"Mama, umewahi kupasuliwa mara ngapi?"

"Mara moja tu, siku ya kukuzaa wewe. Kwani vipi?"

Binti alisogea kando ili mama aone. Katibu alijiinua kwa kiwiko. Aliona mifupa ya mgongo, aliona nyonga. Kati yake, kando ya kitovu, uzi mweupe ulikuwa umejikunja-kunja, unang'aa.

Ng'ambo ya ukuta watu waliburuta viti, wakasimama, wakasema kwa sauti moja kama katibu alivyowapangia mwenyewe:

"Hesabu imetimia, daktari. Funga."