Kufuli Lisilofunga

"Umeipata?" bosi aliniuliza, akitafuna karanga juu ya bega langu. Maganda yenye mate yakadondokea kibodi yangu.

Nilikuwa nimeipata hitilafu. Wiki tatu programu yetu ya maabara ilikuwa ikichanganya majibu ya wagonjwa: damu ya huyu, jina la yule. Kazi mbili za programu zilizokwenda sambamba zilikuwa zinaandika mahali pamoja, ingawa kufuli la kuzizuia, ili moja isubiri nyingine imalize, nililiweka mwenyewe.

Ubovu ulikuwa kwenye mstari mmoja, ule unaotaja maktaba za programu, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa tayari. Inayotajwa kwanza ndiyo inayosikilizwa. Sasa iliyotangulia ilikuwa na kufuli la bandia, linaloitikia "nimefunga" na halifungi kitu. Maktaba yenye kufuli la kweli ilikuwa nyuma yake, haina kazi.

"Mjinga gani kazipanga hivyo?" bosi akauliza.

Nikafungua historia ya faili. Palikuwa na maelezo mafupi: "Nimezipanga kwa alfabeti, zipendeze." Chini yake, jina langu.

Kwenye kikao cha kujadili majibu hayo ni mimi niliyesema, tena kwa sauti, kwamba mfumo ni mzima, ila yule mama wa maabara anayeingiza majibu hana umakini. Alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Bosi aliisoma skrini, akacheka puani. "Rudisha ilivyokuwa, basi. Yule mama si ashaondoka?"

Akanimiminia karanga kiganjani, zina joto na unyevu wa mkono wake.

Nilishtuka kujikuta natafuna.