Gari na Safari Zake

Karani alimkabidhi Kisa kadi ya gari yenye jina lake, akamkumbusha sheria. "Gari limehama pamoja na safari zake, dada. Likikupeleka, nenda."

Kisa alidhani ni maneno ya ofisini tu. Jumapili akashika njia ya Tukuyu kwa mama yake, ambaye hakuwa amemwona tangu auze gari lake la zamani miezi miwili nyuma. Alipofika Uyole usukani ulimponyoka taratibu, gari likakata kona na kusimama mbele ya nyumba asiyoijua. Bibi mmoja akatoka akijifuta mikono kwenye khanga.

"Umechelewa, mwanangu. Chai imepoa."

"Shikamoo, mama. Mimi siye mwanao. Nimenunua gari tu."

"Marahaba. Ingia ule," bibi alisema, akimtazama juu na chini. "Mwaka jana wewe ulikuwa mrefu zaidi. Na ulikuwa na ndevu."

Kisa akaingia, akala, asijue acheke au alie. Alipoaga, bibi alimfungia magimbi, akamshika kichwa na kumwombea safari njema, akimwita Ambakisye, jina la aliyemuuzia gari.

Aliporudi garini ndipo alipokumbuka kwamba kwa miezi yote miwili mama yake hajalalamika hata mara moja kuwa haendi kumwona. Akampigia simu.

"Mama, nisamehe, leo nimeshindwa kuja."

"Umeshindwa vipi?" mama aliuliza, sauti yake imejaa kicheko. "Si wewe huyu hapa jikoni, unanimenyea ndizi?"