Kura ya Kocha Lorene

Katika ligi yao ya kikapu ya vyuo, kocha hampigii kura mchezaji wake. Na waliostahili tuzo ya mchezaji bora walikuwa wawili tu: nahodha wa Lorene, na msichana mrefu wa chuo cha Harlan.

"Usimpe yule twiga, kocha," msaidizi wake alisihi. "Utamnyonga binti yetu kwa mkono wako!"

Lorene akapiga kura yake kwenye simu, akampa mchezaji mwingine kabisa, asiyemtishia mtu.

Mara nahodha akaingia akichechemea, barafu imefungwa gotini, maji yakimchuruzika hadi kwenye soksi.

"Kocha, umempa twiga, eh? Jana kaniumbua uwanjani, lakini ndiye bora. Nimeshamwambia: kwa kocha wangu, kura unayo."

Lorene akainama kuifunga barafu upya, ili uso wake usionekane.