Pilau ya Barke na Homa ya Bahari

Siku hizi bahari ikipita nyuzi thelathini, pwani nzima hairuhusiwi kuwasha jiko. Tunakula mihogo ya jana na kusifiana uvumilivu.

Mwanamkasi, mpimaji wa joto la bahari melini, siku hiyo alikuwa anamwoza bintiye Barke, lakini zamu haijui harusi. Nyumbani masufuria ya pilau yalisubiri kipimo chake, na wakwe walishaanza kununa.

Kwenye chumba cha injini, kipimo kilionyesha thelathini nukta nne.

"Tia barafu kidogo, shangazi," alisema fundi Lali. "Nani atajua?"

"Chumvi itajua. Barafu ikiyeyuka chumvi inashuka, na mimi nashuka nayo hadi jela." Akagusa bomba linaloleta maji ya bahari kwenye kipimo, akaondoa mkono haraka. "Kumbe limepita ubavuni mwa injini yako! Maji yanaingia baridi, unayachemshia chai, kisha tunaisingizia bahari homa!"

Akapanda sitahani, akateremsha chombo cha kupimia mbele kabisa, mbali na maji yanayotemwa na meli. Akasuuza chupa ya kupimia chumvi kwa maji ya pale pale kabla ya kuijaza. Chumvi ilikuwa sawasawa. Joto, ishirini na tisa nukta tisa.

Akatuma kipimo. Punde Barke akamrushia picha ya masufuria yakifuka mvuke, na wakwe wakicheka.

"Pima tena, shangazi, tuwe na uhakika," alisema Lali.

Chombo kilikuwa bado majini, na kwenye kioo cha namba ile tisa ya mwisho ilikuwa imeanza kuchezacheza.

"Kesho," alisema Mwanamkasi, akaifunika namba kwa leso yake.