Mguu wa Kushoto

Daktari wa utafiti alipofungua bendeji ya mguu wa kushoto wa mtoto, Zeituni aliinamisha macho.

Mwanawe alikuwa na ukurutu miguu yote miwili. Aliagizwa apake dawa mpya mguu wa kulia tu; wa kushoto uachwe, daktari apate kulinganisha. Lakini mama gani humlisha pacha mmoja, mwenzake akalala njaa? Alipaka yote miwili.

Sasa yote ilikuwa imevimba, ngozi imepasuka kama ganda la muwa juani, inachuruzika maji.

"Huu hukuupaka kitu, mama?"

Nyuma ya Zeituni akina mama wenzake wa kijiji cha Shianda walinyoosha shingo, wakasikiliza. Mwenzao aliyevunja masharti alikuwa amefukuzwa kwenye utafiti, mtoto wake mgongoni.

"Hukuupaka?" daktari aliuliza tena.

"Sikupaka, daktari."

"Basi dawa haina kosa. Ugonjwa wenyewe ndio mkali." Daktari akachukua mkebe mpya wa dawa ile ile. "Sasa paka miguu yote, asubuhi na jioni."

Mtoto alipouona mkebe, alivuta miguu akaificha ndani ya leso ya mama yake.

Zeituni alinyoosha mikono miwili, akapokea. "Asante, daktari."