Kiapo cha Namba Kumi na Tisa

Mashine ilikuwa inasema baba yake ni mwongo.

Darubini, ndivyo wenzake wa maabara walivyomwita kwa macho yake yasiyopitwa na kitu, alirudia kipimo mara ya pili, kisha ya tatu. Namba kumi na tisa haikubadilika. Hakutakiwa kujua namba hiyo ni ya nani, lakini ndiye aliyebandika lebo siku mzee alipoingizwa kamera kooni.

Utafiti wenyewe haukuwa na makuu. Wagonjwa wote walikuwa na vidonda kwenye umio, njia ya chakula, ambavyo havijawa saratani ila vinaelekea huko. Maabara ilipima kemikali ya mwili iitwayo prostaglandini katika vinyama vilivyonyofolewa humo. Ikipanda, hatari iko mlangoni. Sharti lilikuwa moja: wiki mbili kabla ya kipimo, marufuku dawa ya maumivu, maana huishusha kemikali hiyo na kipimo kikadanganya. Anayekiuka anatolewa. Anayebaki anaangaliwa kwa kamera kila baada ya miezi mitatu, na kidonda kikigeuka kinawahiwa.

Prostaglandini ya namba kumi na tisa ilikuwa chini kabisa.

Alizikumbuka wiki zile mbili. Yeye mwenyewe aliipekua nyumba na kutupa vidonge vyote chooni. Siku tatu za kwanza mzee aliugulia bila kupumzika, mama akijipa kazi jikoni asionekane analia. Kisha mzee akatulia. Kila asubuhi alimaliza uji wake wote, mama kasimama pembeni kama askari.

"Umeona, Baba? Mwili unazoea," Darubini alimwambia kwa furaha.

Mzee alimtazama mkewe kwanza. "Unazoea," akajibu.

Basi. Hakuna kingine kilichobadilika nyumbani, labda sukari tu, iliyokuwa ikiisha upesi.

Sasa kalamu ilikuwa mkononi. Angeweza kulifumbia macho, na nani angejua? Lakini walikuwepo wagonjwa wengine arobaini waliokuwa wameuma meno wiki mbili nzima. Aliandika alichokiona.

Jioni alimkuta mzee sebuleni, mama anachambua mchele.

"Baba, ulimeza dawa."

"Sikumeza kidonge hata kimoja."

"Kipimo kinasema vingine."

"Mwanangu, nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Nimeapisha wezi na wachungaji. Leo naapa mwenyewe: sijatia kidonge mdomoni mwangu."

Sinia lilimponyoka mama, mchele ukatapakaa sakafuni. "Mwache baba yako," alisema. "Kwani yeye..."

"Mama watoto, nyamaza," mzee alimkata, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Haya ni yangu na yeye."

Darubini alipandwa na hasira. "Ungesema tu umeshindwa, Baba! Maumivu yanamshinda yeyote. Lakini kuapa uongo, tena mbele ya Mama?"

Mzee aliinama, akaanza kumsaidia mkewe kuokota mchele.

Wiki iliyofuata jina lake likatolewa. Foleni ya kamera kwa wagonjwa wa kawaida ilikuwa ya miezi minane, na zamu yake ilipofika, kidonda kilichokuwa kinaelekea kwenye saratani kilikuwa kimeshafika. Darubini aliendelea kwenda nyumbani kila Jumapili. Alitoa shikamoo, akakaa, akaongea na mama. Kwa baba yake hakuwa na zaidi ya hiyo shikamoo. Watu wa ukweli ndivyo walivyo. Wakishakukuta na kosa hawakuachii.

Mwishowe mzee alilazwa, sauti imekauka, akawa anaongea kwa daftari. Siku moja mama alipotoka kwenda kumwita muuguzi, Darubini alivuta kiti karibu na kitanda.

"Baba, utafiti umekwisha. Hakuna atakayekufukuza tena. Niambie ukweli tu, nipate kupumua."

Mzee alitazama mlangoni, akahakikisha umefungwa. Akachukua kalamu na kuandika taratibu:

"Uji wa mama yako ulikuwa mchungu kuanzia siku ya nne. Usimwambie kwamba nilijua."